Wanyama Waliobaki Kinondoni

Jumapili, 9 Julai 1939

Leo Bwana Hartwig, Mdachi mwenye wanyama hawa, alituita sote baada ya wanyama kulishwa, akatueleza mambo mapya ya bustani. Tulikuwa watu wachache tu. Mume wangu Revelian, anayemtunza tembo na pundamilia. Mzee Mwishehe, Mzaramo wa hapa hapa Kinondoni, ambaye simba na chui ni kazi yake. Mkewe Bi Hamisa, anayefagia na kukata majani. Na mimi, ninayefua na kupiga pasi nguo za Bwana.

Bwana alichora mchangani kwa fimbo. Hapa kitajengwa kizimba cha chuma cha simba jike, maana banda lake la miti limeoza. Pale litachimbwa bwawa la mamba. Kule mbele, kwenye njia ya Msasani, litawekwa lango, na watu wa mjini watakuja kutazama kila Jumapili, Wazungu na Wahindi na sisi, kila watu na saa zao. Mpaka sasa wanyama wake wamekuwa wa kukamatwa na kuuzwa ng'ambo. Sasa anataka wengine wakae hapa, wawe bustani ya kweli.

Kisha akasema kwamba ili apate chuma na saruji, Njojo atauzwa.

Njojo ni mtoto wa tembo. Revelian ndiye aliyempa jina hilo, ambalo kwetu Bukoba maana yake ni tembo tu. Aliletwa mwaka jana kutoka Rufiji akiwa yatima, akakataa maziwa ya kila mtu mpaka Revelian alipohamia bandani kulala naye. Hata leo hagusi chakula asipomwona. Kwa hiyo, akasema Bwana, Revelian atapanda meli pamoja naye mpaka Udachini, yaani Ujerumani, naye atarudi kabla ya Noeli.

Alilisema kama mtu anayemtuma mwenziwe sokoni. Wote wakanitazama mimi. Mimi nikatazama ile michoro ya mchangani.

Naanza kuandika leo. Masista walitufundisha Kashozi kuandika jambo moja kila siku, nami niliacha nilipoolewa. Lakini tangu mchana nazunguka nyumbani sishiki kazi ikashikika, nikaona heri niketi niandike.

Alhamisi, 13 Julai

Upepo wa kusi, vumbi katika mashuka yote. Revelian hasemi lolote juu ya safari, nami simwulizi.

Jumamosi, 22 Julai

Nimemwona Mzee Mwishehe akienda kwake na nyama ya simba. Aliiweka chini ya kapu, juu akatandika makuti. Hii si mara ya kwanza, ila leo nimeiona damu ikitona njiani. Simba mwenyewe ubavu umeanza kuonekana.

Nilimwambia Revelian. Akasema niliache, yule ni mtu mzima. Mimi sikuzaliwa na watu wa pwani, siwajui vizuri, na sipendi jinsi wanavyocheka na kila mtu. Bi Hamisa alipokuja jioni kuazima chungu nilimpa, lakini sikumkaribisha ndani. Mwanangu Sesilia, ambaye ana miaka minne, akamfuata mpaka kwake, ikabidi niende nikamrudishe.

Jumatano, 2 Agosti

Sanduku la Njojo limekwisha. Ni la mbao nene zenye vyuma pembeni, kubwa kama chumba chetu. Kila asubuhi Revelian anaingia yeye kwanza na muwa, anakaa chini, na yule mtoto anamfuata akinusa. Akitoka, Njojo analia hata huku kwangu nasikia.

Leo nilishindwa kuvumilia. Nilimwuliza kama alikubali kwenda au aliamriwa. Akasema Bwana hakumwuliza, naye hakukataa. Nikamwuliza, na kama ungeulizwa? Akakwangua udongo kwenye soli za viatu vyake.

"Ningekwenda, Koku," akasema. "Yule nikimwacha atakufa njiani."

Nilitaka kumwuliza kuhusu sisi ambao hatutakufa njiani. Sikumwuliza. Nilikwenda kupiga pasi mashati ya Bwana, nikaunguza moja.

Jumanne, 22 Agosti

Wameondoka.

Tulikwenda bandarini sote, lori mbele na sisi nyuma kwa miguu. Meli ni ya Wadachi, inazunguka kwa kusini, Lindi, kisha Beira kwa Wareno, kisha mbali. Nilidhani Revelian atapanda kwa ngazi kama watu. Lakini winchi ilipoanza kulinyanyua sanduku, Njojo akapiga kelele na kulisukuma hata likaning'inia upande, na mabaharia wakalishusha tena. Revelian akafungua kilango akaingia humo ndani. Wakapandishwa pamoja. Sanduku lilizunguka juu ya maji, nasi tumeinua shingo, na kati ya mbao mbili nikauona mkono wake umetoka, umeshika ubao. Sikumwona uso. Sesilia alikuwa akiuliza kama baba yumo mle, nami nikamwambia yumo.

Bi Hamisa alinishika bega njia nzima ya kurudi. Sikuwa na nguvu ya kumwambia aniache.

Jumapili, 27 Agosti

Lango limefunguliwa kwa mara ya kwanza. Watu walikuja wengi, Wahindi na watoto wao, makarani waliovaa vizuri, mafundi wa reli. Mzee Mwishehe alivaa kanzu nyeupe akasimama mbele ya simba akieleza habari ambazo nusu yazo ni uongo. Kwamba jike huyu alikula watu wawili Utete. Wanawake walirudi nyuma, huku wakiifurahia hofu hiyo.

Lakini Bwana hakutoka kuwaamkia wageni. Alikuwa chumbani na redio yake. Nilipompelekea chai alikuwa amekaa karibu nayo kama mtu anayeota moto, na chai ya asubuhi ilikuwa bado pale, imepoa. Kizimba kipya hakijaanza. Mifuko ya saruji imepangwa barazani.

Karani mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba vita haviko mbali. Nilimfuata kwa nyuma mpaka kwenye banda la mbuni nipate kusikia zaidi, akaniona, akanyamaza.

Ijumaa, 1 Septemba

Bwana hakula. Nimeombea meli.

Jumatatu, 4 Septemba

Vita vilitangazwa jana. Leo wamemchukua Bwana Hartwig.

Nilikuwa naanika nguo. Lori mbili ziliingia kwa lile lango jipya, askari wakashuka, na Mwingereza mmoja akapanda barazani. Hapakuwa na ugomvi. Bwana alikuwa amekwisha vaa, na begi lake lilikuwa karibu na mlango, nikajua alikuwa ameketi akiwangoja. Walizungumza kidogo kwa Kiingereza. Akaomba ruhusa, akazunguka nyuma ya nyumba hadi mabandani, askari mmoja nyuma yake. Alisimama kwa kila mnyama. Kwa simba alikaa zaidi.

Funguo zote akampa Mzee Mwishehe. Nilikuwa nimesimama pale pale, mke wa Revelian, ninayejua kusoma na kuandika, na sikutazamwa. Naona aibu kuandika kwamba siku ya vita mimi niliudhika kwa ajili ya funguo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Walisheni," akasema. Hakusema kingine. Akapanda lori pamoja na Wadachi wengine waliokuwa wameokotwa njiani, mmoja bado amevaa viatu vya kulala.

Walipoondoka nilikaa chini kwenye ngazi. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanizunguka kichwani: kama Mdachi ni adui, na meli ya Mdachi ni ya adui, basi mume wangu yuko ndani ya kitu ambacho Waingereza wanakitafuta wakizamishe. Mzee Mwishehe alikuja akakaa ngazi ya chini yangu. Akaniuliza kama nimepika. Nikasema sijapika. Akamwita Bi Hamisa alete ugali na mchicha, akamlisha Sesilia kwa mkono wake, na mimi akanisukumia sahani.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimekwenda bandarini. Nilivaa nguo ya kanisani ili nionekane mtu wa maana. Karani wa pale alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja jina la meli. Akaacha kuandika. Akasema habari za meli ya adui hawana, na kama wanazo si za kumpa mtu. Akaniuliza naishi wapi na nafanya kazi kwa nani. Nikasema nafua nguo, nikaondoka haraka. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma.

Sasa naogopa kuuliza, na nisipouliza sitajua.

Alhamisi, 14 Septemba

Nyama haiji tena. Mwenye bucha ya Kariakoo hataki kumpa vitu mtu aliyefungwa. Kwa siku chache Mzee Mwishehe alikwenda machinjoni kuokota matumbo na mapafu. Leo alirudi na kapu tupu. Simba alikuwa anatembea huku na huku tangu alfajiri, na yale maboriti yaliyooza yalikuwa yanalia kila anapojisugua. Kutoka nyumba yetu hadi banda lake hata mtoto anaweza kurusha jiwe likafika. Nimemfungia Sesilia ndani.

Nilikuwa na hofu, na hofu ilinifanya niseme. Nikamwambia Mzee Mwishehe mbele ya mkewe kwamba kama asingekuwa anabeba nyama ya simba kwake tangu zamani, simba asingekuwa katika hali hii.

Bi Hamisa alitazama chini. Mzee hakukasirika.

"Niliichukua," akasema. "Yule Bwana alikuwa anampa simba nyama kila siku, na mie ninayemlisha sikuipata hata Idi. Nikaona tugawane."

 Nilitarajia akane. Alasiri akaja na beberu wake mwenyewe, akamchinja nyuma ya banda, akamkata sehemu tatu: moja simba, moja chui, na ya tatu akampa Bi Hamisa atupikie. Nilikula. Ilikuwa nyama ngumu nami nililia nikiitafuna, wala sijui nililia kwa lipi.

Jumatatu, 25 Septemba

Kisimani Somoe, muuza maandazi, amesema meli zote za Wadachi zimezamishwa. Nikamwuliza nani kasema. Akasema watu wote wanasema. Ndoo ilinianguka, nikarudi bila maji.

Jumanne, 3 Oktoba

Serikali imekuja. Bwana mdogo, Mwingereza msaidizi wa mkuu wa wilaya, mwenye uso uliobabuka kwa jua, pamoja na karani wake aitwaye Projestus. Karani aliposikia jina langu akanisalimu kwa Kihaya. Tangu Revelian aondoke sijasikia lugha yetu isipokuwa kwa Sesilia. Anatoka Kanyigo, si mbali na kwetu. Anayo sauti laini, ya kanisani.

Kwa sauti hiyo hiyo akatutafsiria. Mahali hapa patakuwa kambi ya askari. Nyumba ya Bwana itachukuliwa, na nyumba zetu pia, kabla ya mwisho wa Novemba. Wanyama wasio na madhara wataachiwa. Simba na chui watapigwa risasi, maana hakuna wa kuwalisha, na wakivunja banda wataua watu.

Mzee Mwishehe akauliza kama hawawezi kupelekwa porini, Pugu au kule juu Wazo. Yule bwana mdogo alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. Akasema hana lori la kufanyia kazi hiyo na hana vizimba, na simba aliyezoea watu atarudi kwa watu. Alionekana hapendi anachokisema. Mimi nilitaka kumchukia lakini kila usiku ninasikiliza yale maboriti.

Walipokuwa wanaondoka nilimwuliza Projestus kwa Kihaya habari za meli. Akasema atauliza. Mtu wa kwanza aliyesema atauliza.

Jumanne, 10 Oktoba

Joto. Vuli bado. Simba hangurumi tena, na ukimya wake ni mbaya kuliko sauti.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wamekuja asubuhi. Askari wanne, sajini wao, na yule bwana mdogo. Walituambia twende mbali. Bi Hamisa akamchukua Sesilia mpaka kwa nduguye upande wa Magomeni, na mimi nilitakiwa kwenda nao. Nilifika njia panda nikarudi. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimechoka kutokuona mambo na kuyasikia kwa watu.

Mzee Mwishehe alikataa kuondoka. Aliwaambia kwamba simba akisikia watu wageni atakimbilia nyuma ya banda, kwenye giza, nao watapiga ovyo wamjeruhi tu. Akamwomba bwana mdogo amwache amwite. Projestus alitafsiri, na sauti yake laini kwa mara ya kwanza ilikatika katikati.

Basi Mzee akaenda mbele ya mlango akiwa na kipande cha utumbo alichokuwa amekificha tangu jana. Yeye humwita yule simba Bi Mkubwa. Akamwita, kama kila siku, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwuliza kaamkaje. Simba akaja. Alikuwa mifupa, ngozi inacheza mgongoni. Akaja mpaka kwenye miti, akainama kunusa mkono wa Mzee. Mzee akauweka utumbo chini, akasogea pembeni hatua moja, hakugeuka. Sajini akapiga. Ilikuwa risasi moja.

Chui hakuja kwa kuitwa. Kwake walipiga nyingi.

Kisha askari wakachimba shimo, na mmoja wao akaomba kucha za simba za kutengenezea hirizi. Bwana mdogo akamkatalia. Mzee Mwishehe akauchukua ufagio wa banda, akaanza kufagia ndani, kama ilivyo desturi yake kila siku baada ya kulisha. Alifagia banda tupu mpaka likawa safi. Nilitaka kumwambia aache. Badala yake nilichota maji nikammwagia pale penye damu, naye akafagia, tukafanya hivyo mpaka tukamaliza. Kwa mara ya kwanza nilimwita baba. Hakushtuka. Akasema, "Kamlete mtoto, mwanangu. Yamekwisha."

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikufua. Hakuna wa kumfulia.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza, nzito, tangu misa. Jana askari walibomoa uzio wa pundamilia ili wanyama hao waende zao. Hawakwenda. Walisimama pale pale ulipokuwa uzio, wakatazama nje, kisha wakageuka kula majani yao ya kawaida. Mbuni alikimbia mpaka Kinondoni kati, watu wakamla. Nyani wa Bwana, walioachiwa nao, wako kila mahali, wanang'oa mihogo ya watu, na majirani wanatulaumu sisi.

Leo radi ilipopiga pundamilia wakakimbia kuelekea Kawe. Mzee Mwishehe alisimama mvuani akiwatazama mpaka wakapotea nyuma ya mikorosho. Akasema labda watafika. Hakusema wapi.

Jumatatu, 6 Novemba

Projestus amekuja peke yake, ameniletea ndizi za kupika, kweli za kwetu, sijui kazipata wapi. Habari za meli hakuzipata. Alimwuliza mtu, na mtu huyo akamwambia bora asiulize tena.

Kisha akaniambia jambo lingine. Serikali inaweza kunipa safari ya kurudi Bukoba, treni mpaka Mwanza na meli ya ziwani. Lakini safari hiyo hupewa mjane. Mke wa mtu aliyepanda meli ya adui hapewi, tena ataulizwa maswali mengi. Kwa hiyo niende ofisini kwa bwana mdogo, niseme mume wangu amekufa. Nisiseme zaidi. Yeye atatafsiri.

Nilimwambia sijui kama amekufa.

"Hata wao hawajui, dada," akasema. "Lakini mtoto wako ana njaa leo."

Ni kweli, Sesilia amekonda. Aliniambia kwa upole, kama kaka. Alipoondoka nilipika zile ndizi, Sesilia akala mpaka akasinzia na tonge mkononi. Nami nikajiambia kwamba hili ni neno tu, na Revelian akiwa hai halitamdhuru, na akiwa amekufa halitamdhuru pia.

Jumatano, 8 Novemba

Nilikwenda. Tulingoja barazani kwa muda mrefu, mvua ikinyesha, Projestus akinielekeza jinsi ya kujibu. Tukaingia. Bwana mdogo akanikumbuka, akasimama, jambo ambalo sikulitegemea. Akauliza kitu, na Projestus akakigeuza kwa Kihaya ili nisikie kama mtu wa nyumbani: mume wako yuko wapi?

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelisema njiani tangu Kinondoni, tena na tena, ili lizoee. Nikaona ule mkono wake umetoka kati ya mbao.

Nikajibu kwa Kiswahili, ambacho bwana mdogo anakijua kidogo, ili Projestus asipate la kubadilisha. Nikasema, "Yuko safarini."

Projestus hakunitazama tena. Huko nje aliniambia kwamba amejitia hatarini kwa ajili yangu nami nimemwaibisha. Ana haki. Lakini nilipokuwa nasikiliza ile sauti laini nikatambua kwamba siku zote imekuwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe upesi, nyumba iwe tupu, kazi imalizike. Si mtu mbaya. Ila nilidhani ni ndugu kwa sababu ya lugha.

Nimerudi nimelowa. Safari ya Bukoba haipo tena, na nyumba hii haitakuwepo wiki mbili zijazo. Nimefanya nini.

Jumapili, 12 Novemba

Bi Hamisa amekuja na mkokoteni wa kuazima, akaanza kutoa vyombo vyetu nje kabla sijamwambia neno. Yeye na Mzee wametupa chumba cha uani kwao. Nilimwuliza kama anajua sina cha kumpa. Akasema anajua, tena anajua napika vibaya, ila nitajifunza. Nilicheka, ikawa kama kikohozi.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua. Askari wamejaza magunia katika banda la Njojo. Sesilia ana homa, imeshuka jioni. Sijalala siku mbili. Kila mtu anayepita njiani namtazama miguu kwanza, sijui kwa nini miguu.

Jumanne, 21 Novemba

Amerudi.

Naandika polepole. Nilikuwa natwanga uani na Bi Hamisa. Mtu akabisha hodi kwa sauti ambayo sikuitambua. Bi Hamisa akaenda, akarudi, akaninyang'anya mchi.

Amekuwa mweusi na mdogo, ndevu zimemwota, amevaa shati la baharia. Alikuwa amepita kwanza kwenye bustani akakuta askari, akadhani tumekwenda kwetu, akaketi njiani mpaka Mzee Mwishehe alipomkuta na kumleta. Sesilia alijificha nyuma yangu. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimeomba sana siku hii, na ilipofika sikujua la kufanya na mikono yangu.

Ametueleza akila. Meli ilipofika Beira ikaambiwa isitoke. Vita vilipoanza wenye meli wakashuka wakaacha mizigo. Yeye akabaki na Njojo kwenye gati, katika lile sanduku, akimchumia majani pembeni mwa mji, mpaka Mreno mmoja mwenye shamba akamchukua. Revelian akamfuata huko shambani. Kisha akarudi kwa vyombo vidogo vya pwani na kwa miguu, akavuka Ruvuma, akapita Lindi na Kilwa.

Nilimwuliza aliondoka lini kutoka Beira.

Akaweka tonge chini. Mzee Mwishehe na Bi Hamisa wakainuka wakatoka.

Kulikuwa na chombo, akasema, mwanzoni kabisa mwa Septemba, kilichokuwa kinaleta watu wa Lindi nyumbani. Walimpa nafasi. Hakupanda. Njojo alikuwa hajakubali mkono wa mtu mwingine. Alipokubali, mwezi wa kumi, ndipo akaondoka.

"Nilijua nyie mnao watu," akasema.

Nilimwambia hakujua. Hakujua kitu. Nilimwambia juu ya Bwana, na simba, na kisimani, na ofisini kwa bwana mdogo na neno lililokuwa mdomoni mwangu. Sikupaza sauti. Alisikiliza ameinamisha kichwa, chakula kimepoa. Mwisho akasema hana la kujitetea, na kwamba kule gatini kila jioni alijua anafanya kosa, na kila asubuhi yule mtoto alikuwa na njaa.

Jumatano, 22 Novemba

Amelala kutwa. Sesilia amekwenda kumgusa ndevu.

Alhamisi, 30 Novemba

Mvua imepungua. Askari wanahitaji watu wa kutunza nyumbu wa kubebea mizigo, na Mzee Mwishehe amemwombea Revelian kazi huko. Yeye mwenyewe hataki tena kazi ya wanyama. Analima. Ametuonyesha kipande nyuma ya mikorosho ambapo tunaweza kupanda mihogo na kusimamisha kibanda chetu wenyewe, na Bi Hamisa ameshaamua mlango utatazama wapi.

Nimekuwa nikimjibu Revelian kwa ufupi tangu arudi. Hataki kunisukuma. Leo tulikuwa tumekaa uani, yeye amenyoosha miguu juani, nami nachambua mchele. Nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu siku ile: kama ningesema neno nililotakiwa kusema, nikaenda Bukoba, angefanya nini?

"Ningewafuata," akasema. "Hata kwa miguu."

Nikaitazama ile miguu. Kucha mbili hazipo, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kifundo kimoja kimevimba bado.

"Hiyo haifiki hata Pugu," nikamwambia.

Akaitazama naye, kwa makini, kama anaipima. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, nami nikashindwa kujizuia, na Sesilia akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Sijamsamehe yote. Nimeweka ungo chini nikaenda kuchemsha maji ya kuikanda ile miguu.